Bati la Mgodini Siku ya Ng'ombe wa Boke

Nianze na ujinga wenyewe, maana mkiusikia kwa wengine wataongeza chumvi na hauhitaji chumvi: nilipewa nichague kati ya spika mbili, moja ya sanduku la mbao yenye sauti ya mtu aliyeshiba, nyingine bati refu lenye mdomo mpana kama ua la boga, na mimi, mwanafunzi wa shule ya kati ambaye wazazi wanatoka jasho ili nifundishwe kupima mambo, nikachagua bati. Nililichagua kwa sababu moja tu, na hiyo naisema nimeinamisha kichwa. Nilitaka wasichana wa Itiryo wanisikie bila kuhama makwao. Basi walinisikia. Wao, kaka zao, baba zao, na mikuki ya baba zao.

Nimeusimulia mkasa huu kisimani, mnadani, bwenini, na nje ya kanisa, mpaka nimeuchoka kama mtu anavyouchoka mzigo uliokwisha kumtoboa bega. Nauandika ili anayetaka asome na mimi niachwe nipumzike.

Gitaa halikuwa langu. Lilikuwa la Magige, rafiki yangu na jirani yetu hapa Gorong'a, aliyeletewa na kaka yake kutoka mashamba ya chai ya Kericho, likiwa na nyuzi zote isipokuwa moja (tukaweka waya wa breki ya baiskeli, ukawa unakata vidole lakini unaimba). Magige alikuwa na gitaa na hana sikio. Mimi nilikuwa na sikio na sina gitaa. Kwa hiyo tulikuwa mwanamuziki mmoja mwenye miguu minne.

Nyimbo nilizipata Tarime mjini, kwenye baraza la duka moja lenye gramafoni. Huwezi kukaa tu barazani kwa watu huna shughuli, kwa hiyo kila likizo nilikuwa naenda na kuku kwapani, najifanya namuuza, na kila aliyetaja bei nilimkatalia, huku santuri inazunguka na mimi nashika kipande kimoja cha gitaa, kile cha mwanzo, au kile kinachopanda juu kabla mwimbaji hajarudi. Kipande kimoja tu kwa safari moja. Kisha naondoka nikikipiga mluzi njia nzima ili kisimwagike. Na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu sisi Wakurya salamu yetu haiishi upesi: ukikutana na mzee lazima usimame, shikamoo, ujibu habari za baba, za mama, za mifugo, za ndama aliyekuwa mgonjwa mwaka juzi, na ukimaliza kuhusu ndama unakuta wimbo umekwenda zake. Wimbo mmoja ulinichukua likizo nzima kwa sababu ya mzee mmoja aliyependa kukaa njia panda. Kuku yule alizeeka mkononi mwangu.

Lakini tulizipata. Tulizipiga zizini kwa Magige, na ng'ombe hawakulalamika.

Sasa, dada yangu. Boke ni mkubwa wangu, na ndiye mtu pekee nyumbani aliyesema muziki wangu unafanana na muziki. Alikuwa anamtaka Makuru, fundi mwashi wa upande wa Nata, ng'ambo ya mto Mara, aliyekuja kujenga darasa letu na akachelewa kulimaliza kwa sababu ambazo sisi wanafunzi tulizielewa kabla ya mwalimu. Baba hakuwa na neno na kijana, ila Nata ni mbali, na kulikuwa na Mzee Gesase wa Itiryo, mwenye ng'ombe wengi na wake wawili, aliyekuwa anamtaka Boke awe wa tatu na alikuwa amekaa kimya kwa adabu akisubiri wale wa mbali washindwe. Baba alisema wazi mbele yetu sote: watu wa Makuru wakileta ng'ombe siku waliyoahidi, Boke ni wao. Wasipoleta, yeye hatangoja tena, atamsikiliza jirani. Boke alikwenda nyuma ya nyumba akatwanga mtama ambao ulikuwa umekwisha kutwangwa.

Kwa hiyo siku ya ng'ombe ilikuwa kubwa, na mimi nikaona siku kubwa inahitaji muziki, na muziki unahitaji sauti.

Tulikwenda Nyamongo kwa baiskeli, kwa fundi mmoja anayetengeneza redio na vitu vilivyotupwa na migodi. Akatutolea mashine ya kukuza sauti, kisanduku cha chuma chenye taa za kioo ndani ambazo hazifanyi kazi mpaka zipate moto kwanza na kuwa nyekundu kama makaa, pamoja na betri ya lori na kipaza sauti. Akatuambia tuchague spika. Tukajaribu ya mbao. Ilitoa sauti nene, tamu, kama litungu la mzee, lile zeze letu kubwa, likipigwa ndani ya nyumba. Magige akafumba macho akasema ni hiyo. Mimi nikauliza inafika wapi. Fundi akasema inafika uani.

Nikauliza na hilo bati je. Akasema, "Hilo lilikuwa la kuitia watu mgodini. Halina utamu, ila linafika."

Magige akanishika mkono, "Wambura, twende na ya mbao."

Nikamwambia harusi si msiba, mura (ndiyo kijana kwa Kikurya), tunataka kusikika. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye sikio, akanyamaza. Tukalifunga bati nyuma ya baiskeli, betri nikaibeba kichwani tulipofika milimani, na maji yake makali yakanitoboa shati mahali pengi, ndiyo maana hadi leo naitwa chujio.

Siku yenyewe ikafika. Uani kulikuwa na majirani, na mama alikuwa amepika tangu jana yake. Tukalitundika bati kwenye nguzo ya lango la zizi likitazama njia, kipaza sauti tukakifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye tundu la gitaa, na mpango ulikuwa ng'ombe wakitokea tu, tunaanza. Tukangoja. Jua likapanda, wageni hawaonekani. Jua likasimama, hawaonekani. Baba akaanza kutazama njia kama mtu anayetazama deni. Mzee Gesase hakuwepo, ila mtu wake mmoja alikuwepo, anakunywa uji polepole na anatazama kivuli. Boke alikuwa ndani na wenzake. Alichungulia mlangoni akaniuliza kwa sauti ndogo kama naona vumbi. Nikamwambia bado. Sura yake ilikuwa imechoka kuliko ya mama, na mama ndiye hakulala.

Nikaona nimpigie wimbo apate nguvu. Lakini bati lilikuwa linatazama njia, yeye yuko nyuma yetu ndani ya nyumba. Basi nikaligeuza. Ndiyo hivyo tu nilivyofanya, ndugu zangu: nililigeuza mdomo utazame nyumba, na kati ya bati na nyumba tulikuwa tumekaa sisi, na gitaa, na kipaza sauti.

Sijapiga hata uzi mmoja. Lilianza lenyewe, chini kabisa, kama fisi anayeuliza njia, kisha likapanda, likapanda, likawa sauti moja ndefu isiyovuta pumzi. (Baadaye tulielewa kwamba bati lilikuwa linakisemesha kipaza sauti, na kipaza sauti kinalirudishia bati maneno yaleyale, wakawa wanapigiana kelele kama wake wenza. Wakati ule hatukuelewa chochote.) Nikashika kitufe cha kupunguza nikakizungusha kwa nguvu, kikabaki mkononi mwangu. Nikamwonyesha Magige kile kitufe. Magige akakitazama, akaweka gitaa chini, akarudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka, na gitaa lilipokuwa peke yake bati likazidi.

Nilipokuja kuung'oa waya wa betri, bati lilikuwa limelia muda wa kutosha.

Kwa wasiotufahamu, niseme jambo moja. Huku kwetu ng'ombe wakiibwa hupigwa pembe, na yowe. Anayesikia haulizi ni ya nani wala wapi. Anapiga yake ili kilima cha pili kisikie, anachukua silaha, anakimbia. Mwanamume anayeuliza kwanza huonekana hana mifugo, au anayo ya watu.

Uani kukawa kimya. Kisha, kutoka kilima cha mashariki, pembe ikajibu.

Hapa ndipo siwezi kuwaelewa wazee hata nikisoma mpaka Makerere. Baba yangu alikuwa ameona kwa macho yake kwamba ni bati linalolia. Alikuwa ameketi mbele yake, ameziba masikio. Lakini aliposikia kilima kinajibu, aliinuka, akachukua mkuki uliokuwa umeegemezwa ukutani, akatoka mbio, na wanaume wote uani wakamfuata, na mtu wa Gesase akaacha uji. Nikakimbia nyuma yao nikisema ni sisi, ni sisi. Mjomba mmoja akanijibu bila kugeuka nisipoteze pumzi.

Tulikimbia sana. Mimi nilikuwa nimebeba betri kutoka Nyamongo, sikuwa na miguu ya kazi hiyo. Kila tulipopita watu wanaongezeka, na wote wanauliza wezi wamepita wapi, na baba, ambaye ndiye aliyepaswa kujua, anasema mbele.

Na mbele, jamani, walikuwepo. Njia inayopanda kutoka mtoni ilikuwa imejaa watu wa Itiryo, na katikati ya watu hao wamekalishwa chini wageni, vijana kwa wazee, mikono kichwani, mmoja wao mzee mwenye koti jeusi na mwamvuli, koti limechanika bega. Vijana wageni, hakuna anayewajua (Makuru mwenyewe hakuwamo), wanaswaga ng'ombe upesi kwa sababu wamechelewa, na yowe inalia. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Waliowazunguka hawakufikiri kabisa. Ng'ombe wenyewe walikwisha kutawanyika milimani.

Aliyesimama mbele na mkuki alikuwa Mzee Gesase. Kwa miaka mingi alikuwa haji kanisani kwa sababu ya goti.

Baba alimtambua mzee mwenye koti. Ni baba mkubwa wa Makuru. Alimwinua mwenyewe kwa mikono miwili, akamwamkia, akaomba radhi, na mzee yule alijipangusa vumbi taratibu sana, kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Tumetembea kutoka Nata, tumevuka mto mamba wakitutazama, mmoja wetu akaumia mguu, ndiyo maana tumechelewa. Tulikuja kama wakwe. Mmetukalisha kama wezi. Ng'ombe wetu wakipatikana tutarudi nao, na binti yenu abaki."

Gesase akasema ni haki yao, waende salama, na binti hatakosa pa kwenda.

Nilimwona baba anavyomtazama Gesase, na anavyoitazama njia ya kurudi nyumbani ambako Boke yuko mlangoni, na nikajua kwamba nisiposema sasa, dada yangu atapika uji Itiryo maisha yake yote kwa ajili ya bati. Nikapita katikati ya mikuki. Nikamwamkia kila mzee, maana hata kufa kuna utaratibu wake. Nikasema hapakuwa na wizi, hakuna aliyepiga pembe, lililolia ni gitaa.

Walicheka. Walikuwa wamechoka na walicheka kichovu.

"Mura," Gesase akaniambia, "gitaa lina nyuzi. Mimi nilisikia pembe."

Mzee wa koti akasema anaona baba yangu ananitanguliza mimi mtoto niseme uongo wa kumtuliza mgeni, na hilo ni baya kuliko kukalishwa chini.

Baba akaniambia, "Kalilete."

Nikaenda. Sitasimulia huko kwenda. Nilirudi na Magige, betri kichwani tena, bati mgongoni kwake, na njia ile ni mawe matupu. Tukaweka vitu katikati ya barabara, tukaunga waya, na kisha ikabidi tungoje, kwa sababu zile taa za ndani lazima zipate moto. Mjue jinsi ilivyo kungoja taa zipate moto ukiwa umezungukwa na wanaume wote wa nchi wenye mikuki, na hakuna anayesema, na mmoja anakohoa.

Zikawa nyekundu. Kitufe nilikuwa nimekirudisha kwa nta. Nikaogopa, nikapiga uzi mmoja. Bati likatoa sauti safi. Nikapiga mwingine. Safi. Kwa hofu nikapiga ule wimbo uliomzeesha kuku, toka mwanzo hadi mwisho, na sijawahi kuupiga vizuri namna ile, na kila nilivyoomba likosee halikukosea.

"Nimesikia wimbo," Gesase akasema. "Ni mzuri. Yowe iko wapi?"

Jasho likanitoka hata kwenye magoti. Magige ndiye aliyeninong'oneza, "Ulikuwa umeligeuza."

Nikaligeuza mdomo ututazame. Likaanza, chini, kama fisi, likapanda. Na wale wanaume, ambao walikuwa wamekuja kuthibitisha kwamba bati linalia, walipolisikia linalia waliinuka wote, mikuki juu, miguu imekwisha kugeuka. Wengine walikimbia hatua kadhaa kabla ya kukumbuka. Nikang'oa waya. Kukawa kimya, na mbali, kilimani, pembe ikajibu. Waliokuwa wamefika makwao, wametua silaha, wameomba maji, tuliwaona wanatoka tena nyumbani kwao, wadogo kama siafu, wanashuka.

Mzee wa koti aliwatazama wanavyoshuka. Akamuuliza baba, "Na wale nao wanakuja?"

"Wanakuja."

"Mara ya pili? Hawaulizi?"

"Huku yowe haiulizwi," baba akasema, na aliisema kama mtu aliyechoka na desturi yake mwenyewe.

Mzee akaegemea mwamvuli wake. Aliwangoja mpaka wale wa kwanza wakafika wanahema, wakauliza wezi wako wapi, wakaonyeshwa mimi. Ndipo akasema, na aliwaambia vijana wake, si sisi, kwamba yeye anakaa mahali ambapo simba akiingia zizini jirani husikiliza kwanza kama ni zizi lake, na kwamba mke anayetoka kwa watu wanaokimbia hivi, nyumba yake siku ikipatwa haitapatwa peke yake. "Tafuteni ng'ombe," akasema. "Wakitimia wote, tunaingia. Mmoja akikosekana, sitoi mahari yenye kilema."

Basi tukawatafuta. Wanaume wote wale, kwa kuwa walikuwa wamekuja kutafuta ng'ombe na hawakupenda kurudi bure, walipanda vilima, na jioni haijafika wakatimia, isipokuwa mtamba mmoja mwekundu mwenye sikio jeupe. Huyo waliniachia mimi. Nilipita mabonde ambayo sikujua tunayo. Nilichanika, nikalia kidogo (hakuna aliyeniona), nikafika hadi Itiryo miguu haina habari na mimi, nikamkuta mtamba amejichanganya na ng'ombe wa watu, ametulia, anatafuna, ndani ya zizi la Mzee Gesase.

Nilimkuta mzee mwenyewe amekaa anasugua goti, nikamwamkia, nikasimama, nikamtazama yule mtamba. Naye akamtazama. Alikuwa ndiye aliyeshinda mchana akiwakalisha watu chini kama wezi. Aliinuka, akafungua lango kwa mkono wake, akamswaga mwenyewe hadi kwetu, mimi nikifuata nyuma. Alipomkabidhi baba alisema tu kwamba ng'ombe huyo alipotea njia. Tangu siku hiyo hajamtaja Boke tena.

Lakini kwetu anayepiga yowe ya uongo huwalisha waliokimbia. Hiyo nayo haina mjadala. Baba alichinja, na chakula cha wakwe kililiwa na vilima vyote, na mimi nilichota maji kisimani na kurudi, kisimani na kurudi, nikiwanywesha wanaume mmoja mmoja, na kila mmoja alipopokea kibuyu aliuliza, kwa upole kabisa, kama bado nina wimbo mwingine. Bati tulilirudisha Nyamongo. Fundi hakuuliza, alikuwa amesikia. Siku hizi tunapiga gitaa kavu, kwa Magige, tukiwatazama ng'ombe, na anayetaka kutusikia na asogee.

Mama ndiye hakuwa amesema neno tangu bati lilie. Wageni walipokuwa wameondoka, Boke anaimba jikoni anaosha vyungu, mimi nimelala chini uani kwa sababu mlango ulikuwa mbali, alikuja akasimama kichwani pangu, amechoka, mikono ina majivu, akanitazama, akasema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Dada yako hataachika kamwe. Nani atathubutu kudai arudishiwe ng'ombe ambao nchi nzima ilikimbia kuwashuhudia? Inuka ukaoge, unanuka zizi."